Anko Kalenda Anajibu: Umezaliwa Siku Moja na Nani?

Mwangaluka wasomaji. Toleo lililopita nilichomekea tu kastori kadogo kwamba Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yaliangukia siku aliyozaliwa Jeff Bezos, yule wa Amazon, tena siku ileile na mwaka uleule, yani Unguja kunawaka na huko Albuquerque Marekani kuna mama yuko leba. Basi toka hapo meseji hazikatiki, kila mtu anataka ajue tarehe yake kashea na nani. Wote siwezi kuwamaliza, nimechukua zenye nyama. Zile za kutaka niwape namba za kubeti kutokana na tarehe ya kuzaliwa nimeziacha hukohuko.

Shikamoo Anko. Mimi ni dada wa Igoma, nimezaliwa tarehe 21 Mei 1996 asubuhi, siku iliyozama MV Bukoba. Toka mdogo sijawahi kufanyiwa bethdei, mama anasema tutawaudhi wafiwa, na kuna shangazi ananiita kabisa "mtoto wa msiba". Hivi hii tarehe ina mkosi? Na kuna mtu yeyote wa maana kazaliwa siku hiyo au niko peke yangu?

Marahaba mwanangu. Shangazi mfikishie salamu zangu, ila kwa hilo jina sikubaliani nae hata kidogo.

Tuanze na lenyewe. Ilikuwa Jumanne. Meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo kupakia, ikatembea usiku kucha, asubuhi Mwanza inaonekana kabisa ndo ikalala ubavu ikapinduka. Ilikuwa ni meli ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, sasa hapo daraja la tatu bado, na daraja la tatu hamna aliyeandika majina, ndo maana mpaka leo hesabu haijawahi kuwa moja, inayotajwa ni watu zaidi ya 800. Wakubwa wanaokumbuka watakwambia ilivyobaki inaelea tumbo juu, ndani kuna watu wazima, ikaamuliwa itobolewe wapitishwe hapo, ile hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka na meli ikaenda chini na watu wake. Rais Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo ya taifa. Kati ya waliokufa alikuwemo mpaka Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa wakubwa wa al-Qaeda, kumbe nae kapanda meli yetu na ndizi za Kagera.

Sasa niambie, humo ndani tarehe imefanya kosa gani? Watu walizidi. Ndo hivyo. Na ukitaka ushahidi angalia MV Nyerere, ile imepinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220. Tarehe tofauti, mwezi tofauti, ila kujaza ni kulekule. Mwenye kutafuta mkosi akautafute kwenye tiketi.

Halafu peke yako hauko hata kidogo. Biggie, yule rapa wa Brooklyn aliyeuawa, wa 21 Mei 1972. Andrei Sakharov wa 21 Mei 1921, huyu ndo aliyewasaidia Warusi kutengeneza bomu la haidrojeni, baadae akageuka kuwa mtetezi wa haki za binadamu mpaka akapewa Nobeli ya Amani 1975. Ila ningekuwa wewe ningejivunia zaidi Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1860, maana ndo aliyetengeneza mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Ile unayobandikwa waya kifuani halafu karatasi inatoka na michoro ya vilima na mabonde, ndo kazi yake, akala Nobeli ya 1924. Watu wangapi wameokolewa na mtu wa tarehe yako, hebu kamuulize shangazi.

Matukio nayo yako kibao. FIFA ilianzishwa Paris 21 Mei 1904. Mwaka 1927 Charles Lindbergh akatua Paris siku hiyo akitokea New York, peke yake kwenye ndege, saa 33 na nusu bila kulala. Mwaka 1991 siku moja hiyohiyo Rajiv Gandhi kauawa kwa bomu kwenye kampeni India na Mengistu kakimbia Ethiopia kwenda Zimbabwe. 1998 Suharto kaachia ngazi Indonesia. Na nyie wa mpira mnaijua ile fainali ya Moscow 2008, Manchester United na Chelsea, John Terry akateleza kwenye penati. Kwenye vitabu imeandikwa 21 Mei, ila mechi ilianza saa 4 kasoro robo usiku kwa saa zetu, ikaenda dakika 120, kwa hiyo mguu wa Terry unateleza hapa Mwanza tayari ni tarehe 22. Mashabiki wa Chelsea msimlaumu huyu dada.

Kuhusu bethdei, ushauri wangu ni huu, asubuhi nenda pale makaburini Igoma na wenzio wanaoenda kukumbuka watu wao, jioni kata keki. Mama atakuelewa.

Anko mambo. Hapa kijiweni Buzuruga kuna jamaa anadai Ronaldo na Neymar wamezaliwa siku moja, halafu tena siku hiyo ni bethdei ya CCM. Tumebishana mpaka tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie.

Poa. Aliyebisha alipe kreti. Cristiano Ronaldo wa 5 Februari 1985, Neymar wa 5 Februari 1992, na jamaa hajawamalizia, Carlos Tevez ni wa 5 Februari 1984 na yule Mromania Gheorghe Hagi wa 1965. Washambuliaji na viungo watupu, beki hamna. CCM ndio, imezaliwa 5 Februari 1977 kwa TANU na ASP kuungana.

Ila hapa nataka mnisikilize vizuri maana ndo penye utamu. Ronaldo hakuchagua kuzaliwa siku hiyo, mama yake nae hakuchagua, imetokea tu. CCM ilichagua. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na chama kipya kikazaliwa miaka 10 kamili baadae, hiyo huwezi kuniambia bahati. Kwa hiyo mkiona vitu viwili vimekaa tarehe moja, swali la kwanza mjiulize, je kuna mtu aliyekaa na kalenda akapanga? Huyo Lindbergh niliyemtaja juu, miaka 5 baadae yule mwanamama rubani Amelia Earhart nae akavuka Atlantiki peke yake, akatua Ireland ya Kaskazini 21 Mei 1932. Aliruka tarehe 20 Mei, ileile aliyoruka Lindbergh, kusudi kabisa.

Zile ambazo hamna aliyepanga ndo zinanisisimua mimi. Chukua 11 Februari. Yanga wanasherehekea kuzaliwa kwao, 1935. Sasa 11 Februari 1990, asubuhi kwa saa zetu, huko Tokyo Mike Tyson anapigwa nokauti raundi ya 10 na Buster Douglas ambae hakuna aliyekuwa anamjua, dunia haijakaa sawa, jioni yake saa 11 na ushee Mandela anatoka gerezani kashikana mkono na Winnie baada ya miaka 27. Siku moja! Watu wa magazeti siku ile sijui walipanga vipi ukurasa wa mbele. Wa Simba mtasema nimependelea Yanga, tarehe ndo zimependelea, sio mimi.

Anko Kalenda, shikamoo. Niko kidato cha pili shule ya hapa Nyakato, darasani tuko 45. Mwalimu alipoita tarehe za kuzaliwa tukakuta jozi tatu za watu wenye bethdei moja. Wenzangu wanasema haiwezekani bila nguvu za giza maana mwaka una siku 365 na sisi tuko 45 tu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Nguvu za giza ziacheni zipumzike, hiyo ni hesabu tena tamu sana, mwambie mwalimu wa hesabu aichore ubaoni.

Kosa mnalofanya ni kila mtu kujifikiria yeye. Wewe unajilinganisha na wenzio 44, unaona mbona nafasi ndogo. Ni kweli kwako wewe ndogo. Lakini na jirani yako nae analinganishwa na wote, na wa nyuma yake nae hivyohivyo, ukihesabu jozi zote zinazowezekana kwenye darasa la watu 45 unapata jozi 990. Jozi 990 kwenye siku 365, hapo ungeshangaa kama hamna hata moja iliyogongana.

Tena haihitaji 45. Watu 23 wanatosha kufikisha nafasi ya nusu kwa nusu. Fanya hivi, wa kwanza ana tarehe yake, wa pili ili asigongane nae zimebaki siku 364 kati ya 365, wa tatu 363 kati ya 365, endelea hivyo unazidisha sehemu kwa sehemu, ukifika mtu wa 23 jibu linashuka chini kidogo ya nusu, kama 0.49. Hiyo ni nafasi ya wote kuwa tofauti. Maana yake nafasi ya angalau wawili kufanana imeshapita nusu. Watu 30 inakuwa kama asilimia 70, darasa lenu la 45 ni asilimia 94. Hiace ya Buhongwa ikijaza vile inavyojazaga jioni, watu 23 na konda wao, unaweza kubeti soda na ukashinda mara nyingi kidogo kuliko kushindwa.

Ila angalia usichanganye. Ukitaka mtu wa kufanana na WEWE, tarehe YAKO, hapo sio 23 tena, unahitaji watu 253 ndo ufikie nusu kwa nusu. Ndo maana mtu anaweza kukaa mtaani miaka yote hajakutana na mwenzie, halafu anaambiwa darasani kuna jozi tatu anaona mazingaombwe.

Kwa Mhariri wa safu. Mimi ni mstaafu, naishi Kirumba. Mjukuu wangu ameniuliza ni tarehe ngapi Speke aligundua Ziwa Victoria na kuna nini kingine siku hiyo. Mwaka naukumbuka, tarehe imenitoka.

Shikamoo mzee wangu. Tarehe ni 3 Agosti 1858, na pahala ni hapahapa Mwanza.

Alikuja na Richard Burton kutokea pwani, Burton akaumwa akabaki Kazeh, yaani Tabora, Speke akapandisha kaskazini na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay. Huyu Bombay naomba mjukuu amjue kwa jina. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani akapelekwa India, akapata uhuru akarudi, akawa mkalimani na kiongozi wa msafara, na baadae akatembea na Stanley pia na Cameron, kwa miguu alikata Afrika kuliko karibu wazungu wote aliowaongoza. Speke alikaa hapa siku chache tu, akaangalia maji yalivyo hayana mwisho akasema hiki ndo chanzo cha Nile, akarudi Tabora kumwambia Burton, Burton akamkatalia. Ukweli ni kwamba Speke alikuwa sahihi ila ushahidi hakuwa nao, alikuwa amekisia. Akaja kuona maji yanavyotoka pale Jinja tarehe 28 Julai 1862, safari ya pili. Ugomvi wao ukaenda mpaka Uingereza, ukapangwa mdahalo wa hadhara tarehe 16 Septemba 1864, na siku moja kabla, tarehe 15, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Na hilo la "aligundua" mzee wangu unalijua kuliko mimi. Ziwa alilikuta na majina, huku Nyanza, Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na watu wanavua na kuvuka kwenda Ukerewe kama kawaida. Yeye akaweka jina la malkia wake. Jina lake mwenyewe likabaki kwenye ile ghuba, Ghuba ya Speke, hiyo mtu akitoka Mwanza kwenda Nansio anaipita.

Kuhusu wenzake wa tarehe 3 Agosti, ukiwapanga wanachekesha. Columbus aliondoka Hispania kwenda "kugundua" bara la Amerika tarehe 3 Agosti 1492. Sasa tarehe imewakutanisha hao wawili wenye tabia moja. Halafu tarehe hiyohiyo mwaka 1936 Jesse Owens, Mmarekani mweusi, mtoto wa familia ya wakulima wa Alabama, akachukua dhahabu ya mita 100 Berlin mbele ya Hitler. Na mwaka 1960 Niger ikapata uhuru. Mjukuu akiandika insha aanzie kwa Owens, nashauri.

Anko habari za saizi. Naandika kutoka Nansio. Bibi yangu kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1945. Nikaangalia cha jirani yake, 1 Julai. Cha shemeji yake, 1 Julai. Bibi mwenyewe anasema yeye hajui tarehe, anachokumbuka alikuwa mwari anakaribia kuolewa ziwa lilipopanda likameza mashamba. Tumfanyie sherehe lini?

Njema mjukuu. Hao hawajazaliwa siku moja, usije ukaenda kuuliza hesabu ya jozi hapo juu. Mtu akifika kwenye fomu anajua mwaka tu, au hata mwaka anakadiriwa, na fomu inataka tarehe na mwezi, anayejaza anaweka 1 Januari au katikati ya mwaka 1 Julai, maisha yanasonga. Wazee kibao wa nchi hii wako hivyo.

Ila bibi kakupa kitu kikubwa kuliko tarehe. Ziwa kupanda vile ni mwishoni mwa 1961 kuendelea, zile mvua kubwa zilizonyesha wakati wa uhuru, maji yakaongezeka zaidi ya mita 2 mpaka kufika 1964, na kiwango hicho hakikufikiwa tena mpaka 2020, ile juzijuzi mlipoona mialo inazama na nyumba za kandokando zinahama. Sasa kama bibi alikuwa mwari wa miaka 15 au 16 mwaka 1962, toa hapo, unaangukia 1946 au 1947. Kitambulisho kimesema 1945. Aliyekadiria hakukosea sana, mpeni haki yake. Muulize bibi pia kama anaikumbuka MV Victoria ikiwa mpya, ilianza kazi ziwani 1961, akisema alishaolewa au bado basi unazidi kubana.

Zamani huku kwetu watu walishika vingine. Mjaluo akikwambia anaitwa Otieno umeshajua kazaliwa usiku, Onyango kazaliwa jua limepanda asubuhi, Okoth mvua inanyesha. Msukuma anaitwa Mabula, mvua hiyo, Limi huyo jua. Yaani saa unaijua, hali ya hewa unaijua, tarehe ndo hamna. Muulize bibi majina yake yote ya utotoni, usiishie hilo la ubatizo.

Sherehe fanyeni hiyohiyo 1 Julai tu, ni kiangazi, barabara nzuri, dagaa wanakauka vizuri, ndugu watafika. Na kampani yake ni nzito, Somalia imeungana na kupata uhuru 1 Julai 1960, Rwanda na Burundi 1 Julai 1962, na Binti Mfalme Diana na mkimbiaji Carl Lewis wote wawili wamezaliwa 1 Julai 1961, mwaka mmoja kabisa.

Niko chuo hapa Malimbe. Intaneti sehemu moja inasema Isaac Newton kazaliwa Krismasi 1642, nyingine inasema 4 Januari 1643. Ipi ya uongo?

Zote kweli. Papa Gregory alirekebisha kalenda 1582 kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inachelewa nyuma ya jua, ikaamuliwa kesho yake ya tarehe 4 Oktoba 1582 iwe tarehe 15, siku 10 zikafutwa. Nchi za Kikatoliki zikafuata, Uingereza ikagoma mpaka 1752. Kwa hiyo Newton anazaliwa, Uingereza ni 25 Desemba, ukivuka bahari kwenda Ufaransa ni 4 Januari ya mwaka mwingine. Ndo maana pia ile stori tamu kwamba Newton kazaliwa mwaka aliokufa Galileo inataka uangalifu, Galileo kafa 8 Januari 1642 kwa kalenda mpya, na kwa kalenda hiyohiyo Newton ni wa 1643. Warusi wao walichelewa zaidi, Mapinduzi yao ya Oktoba ya 1917 leo yanaangukia 7 Novemba.

Saa nazo zinasumbua hivyohivyo. Armstrong anakanyaga mwezini Marekani ilikuwa bado usiku wa 20 Julai 1969, hapa kwetu inakaribia saa 12 asubuhi ya tarehe 21. Na kwa wenzetu mliozaliwa Idd, sikukuu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, itazunguka kukukuta tena tarehe yako baada ya miaka 32 au 33 hivi.

Anko, nipo Musoma. Tarehe 14 Oktoba sisi huku ni siku ya Mwalimu. Kuna kiongozi mwingine mkubwa wa tarehe hiyo?

Yupo, na utashangaa. Mobutu Sese Seko kazaliwa 14 Oktoba 1930. Mwalimu kafia London tarehe hiyo mwaka 1999, Alhamisi, Mobutu alishatangulia miaka miwili nyuma akiwa uhamishoni Morocco. Watu wawili waliotawala nchi jirani kwa wakati mmoja, mmoja kaacha nyumba ya Butiama, mwingine kaacha kasri la Gbadolite na uwanja wa ndege wa kutua Concorde. Ongeza na Rais Eisenhower wa Marekani, 1890, na mwaka 1964 siku hiyo ndo lilitangazwa jina la Martin Luther King kuwa mshindi wa Nobeli ya Amani. Usher, yule mwanamuziki, nae yumo, 1978.

Lakini kuna nyingine ya Mwalimu inayoniumiza zaidi. Kazaliwa 13 Aprili 1922. Sokoine kafa kwa ajali Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Yaani Mwalimu anatangazia taifa kifo cha Waziri Mkuu wake, kesho yake anatimiza miaka 62.

Mdogo wangu kazaliwa 29 Februari 2004, anasema yeye ana miaka 5 tu kwa hiyo hawezi kulipa kodi ya chumba.

Akalipe. Mwaka mrefu unakuja kila baada ya miaka 4, isipokuwa ule wa mwisho wa karne usiogawanyika kwa 400, ndo maana 2000 ulikuwa na tarehe 29 na 2100 hautakuwa nayo. Mzee Mwinyi ametutoka 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98, kumbukumbu yake kwa tarehe kamili inakuja 2028. Mzee aliyezaliwa 8 Mei 1925, vita kuu ya pili inaisha Ulaya tarehe 8 Mei 1945 yeye anatimiza miaka 20.

Mi shabiki wa Diamond kindakindaki, nipo Pasiansi. 2 Oktoba kuna nani mwingine?

Diamond ni wa 1989. Mwenzie ni Mahatma Gandhi, wa 1869, na Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya kupinga mabavu. Guinea ya Sékou Touré nayo imejitoa kwa Wafaransa 2 Oktoba 1958. Na Gandhi na sisi wa ziwani tuna undugu, sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948 pale Jinja maji yanapoanza kuwa Nile, na sanamu yake ipo palepale. Kwa hiyo ukimfuata Diamond kwenye shoo Uganda, pitia Jinja upige na picha ya yule mwingine.

Haya, wa Mkuyuni uliyezaliwa 7 Oktoba, mezani kwako kuna Kikwete wa 1950, Putin wa 1952 na Askofu Desmond Tutu wa 1931, hiyo sherehe nialike. Wengine mnaotuma, andikeni na mwaka jamani, sio tarehe tupu, na kama mnajua mlizaliwa kabla au baada ya saa 6 usiku semeni.